Uzoefu wangu: seti ya mihuri ya majani na rangi za maji, nikiwa Tanga

Nianze na jibu kwa anayeuliza anunue au aache: nunua, ila pedi ya wino iliyomo ndani usiiamini, na karatasi tafuta yako mwenyewe. Mihuri ni mizuri sana, rangi zinatosha, na kadi iliyotoka mikononi mwangu naionea fahari. Lakini kwa vile vilivyomo kwenye boksi peke yake, kadi ile isingetoka.

Niliiagiza mtandaoni kwa muuzaji wa Dar es Salaam, shilingi 45,000, ikaletwa Tanga kwa basi na hakikuvunjika kitu. Ndani mna mihuri tisa ya majani, ile ya plastiki laini inayoonyesha upande wa pili, kibao kigumu cha kuibandikia, pedi moja ya wino wa kahawia, kisanduku cha rangi kumi na mbili za vidonge, brashi mbili, na kadi sita zilizokwisha kukunjwa.

Wifi yangu anaishi Hamburg. Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Septemba, hunitumia picha za miti ya mtaani kwao, na Oktoba ndipo mambo yanakolea: njano, rangi ya chungwa, nyekundu iliyoiva, njia nzima imefunikwa na majani yaliyopukutika. Mimi siku zote nampelekea kadi za dukani, minazi na majahazi. Safari hii nilitaka apokee kadi ya msimu alio nao yeye, iliyotengenezwa kwa mkono hapa Chumbageni.

Mihuri ndiyo sababu ya kutoa hela. Jani la mwaloni limechongwa mpaka vijishipa vya pembeni kabisa, na lile jani la bendera ya Kanada lina ncha kali zisizovimba wino. Ukiwa mpya, muhuri wa aina hii haupokei wino vizuri, wino unajikusanya vitone vitone juu yake. Dawa yake ni kuusugua taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kisha kuupiga mara kadhaa kwenye karatasi chakavu. Chini ya karatasi unayopigia weka kurasa chache za gazeti, upate ulaini kidogo, la sivyo katikati ya jani panabaki peupe. Muhuri mmoja tu sikuupenda, ule wa kijiti chenye matunda madogo. Mashina yake ni membamba mno, hayatoki sawasawa hata ukandamize vipi.

Sasa pedi. Kwenye kifuniko imeandikwa kwamba wino wake haukimbii maji. Unakimbia. Nilipiga jani moja jioni, nikaliacha likauke mpaka kesho yake, nikalipitishia brashi yenye maji matupu, na mishipa yote ikayeyuka ikawa doa la kahawia. Kwa kazi ya rangi za maji hilo ni kosa kubwa, maana kazi yote ni kupaka maji juu ya mchoro uliokwisha kupigwa. Muuzaji nilimwandikia, akajibu kwa adabu kwamba ndivyo alivyoipokea kutoka kiwandani. Sawa, lakini maandishi yale bado yapo kwenye kifuniko na mtu mwingine atayaamini.

Nilichofanya ni kutafuta pedi nyingine, VersaFine nyeusi, wino mzito wa mafuta ambao ukishakauka kabisa unavumilia maji. Bei yake inauma kwa kipedi kidogo kiasi kile, ila ndiyo iliyoiokoa kazi yote. Ile ya kahawia sikuitupa. Kwa kuwa inayeyuka, naitumia kwa makusudi: napiga jani, kisha kwa brashi yenye unyevu kidogo navuta wino kutoka kwenye mshipa kuelekea ukingoni, nao unajifanyia kivuli wenyewe. Majani makavu ya kahawia, yale ya mwisho wa msimu, yanapendeza hivyo bila hata kugusa kisanduku cha rangi.

Kadi sita za ndani ya boksi ni manila ya kawaida. Zinakunywa maji, zinajikunja, na ukirudia kupaka mahali pamoja karatasi inachubuka vijinyuzi. Nimezitumia kama msingi tu. Kipande cha kuchorea nimekikata kwenye karatasi ya Canson ya rangi za maji, gramu 300, sentimita 9.5 kwa 13.8, halafu nikakibandika juu ya kadi. Kadi yenyewe ni karatasi ya A5 iliyokunjwa katikati, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8, kwa hiyo inabaki nusu sentimita ya mpaka kila upande, inakaa kama picha iliyotiwa fremu. Chagua karatasi ambayo uso wake hauna mikwaruzo mingi. Ile yenye vinundu inapendwa na wachoraji, lakini muhuri unaruka mabonde yake na jani linatoka limekatika katika.

Kisanduku cha rangi kina njano mbili, na hizo njano ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Njano ya majani yale haiji na baridi. Imo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani cha klorofili. Mchana unapofupika na baridi kuingia, klorofili inavunjika na njano inajitokeza. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa upya siku zile za mwisho, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Nami nikapaka kwa kufuata mpangilio huo huo. Kwanza maji matupu ndani ya mstari wa jani, kisha njano jani zima, na kabla haijakauka, tone la rangi ya chungwa karibu na kikonyo na nyekundu kwenye ncha. Nyekundu inatambaa ndani ya njano kama tui linavyotambaa kwenye mchuzi, na mahali zinapokutana hupati mstari wowote. Hapo toa mkono. Kijani kikitaka kuwemo, kiweke mbali na nyekundu, maana zikichanganyika zinazaa matope.

Nyuma ya majani nilipaka njano hafifu, na ikiwa bado inang'aa kwa maji nikanyunyizia punje chache za chumvi ya mawe. Kila punje inavuta maji ya rangi kuizunguka na kuacha kijinyota cheupe. Hapa lazima niseme jambo kuhusu Pwani. Oktoba kwao ni baridi, kwetu ni joto na vuli inakaribia, na hewa ya bahari ina unyevu ambao chumvi inaupenda. Usiipanguse mapema. Iache mpaka karatasi iwe kavu hata ukiigusa kwa mgongo wa mkono, ndipo uiondoe kwa brashi kavu, na usibakize punje hata moja, kwa sababu itaendelea kuvuta unyevu ndani ya bahasha. Baada ya hapo weka kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha, itanyooka.

Kwenye mihuri tisa hakuna jani hata moja la huku, na sikutarajia liwemo. Lakini uani kwetu kuna mkungu, na mkungu nao hugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyaangusha. Niliokota moja lisilokauka, nikalipaka rangi nyekundu nzito upande wa chini, ambako mishipa imetokeza, nikaligandamiza ncha yake tu kwenye kona ya karatasi, kwa kuwa jani zima lingeifunika kadi na meza. Likaacha mshipa mkuu na matawi yake, pembeni ya mwaloni wa muhuri. Binti wa jirani, aliyekuwa amekaa ananitazama muda wote, akaniuliza, "Shangazi, kumbe na sisi tunayo?" Tunayo, mwanangu.

Kukunja, kama kadi unaitengeneza kwa karatasi yako badala ya zile za boksi: karatasi nene ukiikunja mkono mtupu inapasuka mgongoni. Pitisha rula na kalamu iliyokwisha wino, uweke mfereji, ndipo ukunje. Bahasha ya saizi ya C6 inaitosha. Nilitia kadi kwenye mfuko wa plastiki kwanza, kwa kuwa rangi za maji hazina kinga yoyote dhidi ya mvua, kisha nikaipeleka posta.

Wifi alipiga simu ilipofika. Alitambua mkungu kabla ya kusoma nilichoandika, akaniambia, "Wifi, hili la kona ni la kwenu uani, sijalisahau." Ameibandika kwenye friji na anataka nyingine kwa ajili ya mama mmoja mzee wa Kijerumani anayeishi ghorofa ya chini yake.

Kwa matunzo, osha mihuri kwa maji na sabuni ya vyombo mara tu ukimaliza, irudishe kwenye plastiki yake ikiwa mikavu, na usiiache dirishani, maana jua linaigeuza ya njano na kuifanya igumu. Na muuzaji, kama unasoma haya: tuuzie mihuri na rangi bila pedi ile na bila manila, ushushe bei kidogo, nami nitaagiza seti ya pili kwa ajili ya watoto wa madrasa wanaokuja kwangu Jumamosi.