Uzoefu wangu na sanduku la kukodi la kufundishia maisha ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861–1865

Nimelitumia sanduku hili Kampala na watoto wa P.5 hadi P.7 (darasa la tano hadi la saba la msingi). Ninalipendekeza, lakini lina pengo moja kubwa ambalo mwalimu lazima alizibe mwenyewe. Linaonyesha vizuri sana askari alikula nini, alivaa nini, aliugua nini na alilipwa kiasi gani. Kwa nini alikuwa vitani, linanyamaza. Ukilifuata jinsi lilivyo, watoto watatoka wakidhani Kaskazini (upande wa serikali ya Marekani) na Kusini (majimbo yaliyojitenga) zilikuwa timu mbili zenye jezi tofauti.

Wazazi huuliza kwa nini tuanze na vita vya mbali wakati vya nyumbani vipo. Darasa moja la Kampala linaweza kuwa na mjukuu wa askari wa UNLA (jeshi la serikali ya Obote), mjukuu wa mpiganaji wa NRA (waasi wa Museveni), na mtoto ambaye familia yake ilikimbia kutoka Gulu au Juba. Ukianza na Luweero, walikopigana UNLA na NRA, kila mtoto anamtetea babu yake kabla hajamsikiliza wa mwenzake. Ukianza na Virginia, jimbo la Marekani, hakuna babu wa kumtetea, kwa hiyo wanajifunza kwanza kuuliza maswali. Kuwasaidia waweke tarehe mahali pake, waambie kwamba mpelelezi Mwingereza Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862, vita hivyo vikiwa vinaendelea.

Ndani ya sanduku kuna makoti mawili ya sufu (la buluu na la kijivu), kofia, mikoba miwili ya begani, chupa za maji za bati, nusu mbili za hema, gobori la mbao lenye ufito wake wa kushindilia, mfuko wa risasi, na kadi za masomo. Vinatosha watoto kumi kwa zamu. Darasa la watoto sitini ligawe vituo sita, la sivyo hamsini watasimama wakitazama.

Kituo cha chakula ndicho bora kuliko vyote, na ndicho kinachoharibika kwa urahisi zaidi. Askari wa Kaskazini alipangiwa kwa siku takribani gramu 450 za biskuti ngumu, pamoja na gramu 340 za nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, au gramu 570 hivi za nyama ya ng'ombe. Kadi inatoa vipimo hivyo bila kueleza namna ya kuoka. Fanya hivi: unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, maji mililita 220 hivi. Kanda mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati, sukuma liwe na unene wa sentimita moja na kidogo, kata vipande vya mraba vya sentimita nane, kisha toboa kila kipande matundu kumi na sita kwa msumari safi, mistari minne ya matundu manne. Oka kwa nyuzi 190, nusu saa kila upande, halafu zima oveni uviache humo vipoe. Utapata vipande tisa hivi, na hiyo ni karibu posho (mgao wa chakula) ya siku nzima ya mtu mmoja. Watoto wakiviona mezani wanaelewa bila kuelezwa.

Kama hakuna oveni, weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa juu ya sigiri, weka sahani ya bati juu ya vijiwe, funika, na utie makaa machache juu ya mfuniko. Makaa yakizidi chini, nje huungua na ndani hubaki laini, na kwa unyevu wa Kampala biskuti hiyo itaota ukungu. Usitumie unga uliokwisha kuchanganywa hamira au beking pauda, kwa sababu utafura. Usitie mafuta hata kidogo: mafuta huchacha, na biskuti ya askari ilitakiwa kukaa miezi. Waonye watoto wasiing'ate ikiwa kavu, jino linaweza kuvunjika. Askari wenyewe waliiloweka kwenye kahawa, na ikiwa imeingia wadudu, wadudu walielea juu wakawaengua. Kwa nyama, tumia ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi, ili watoto Waislamu wasiachwe nje ya zoezi.

Kahawa ndipo watoto wa Uganda wanapowazidi hata waandishi wa kadi. Posho ya Kaskazini ilikuwa kilo 4.5 za kahawa mbichi kwa posho mia moja, yaani gramu 45 kwa mtu kwa siku. Nunua robusta iliyokobolewa lakini haijakaangwa, ikaangeni kwenye kikaango, iponde kwa jiwe, ichemsheni kwenye kopo. Upande wa Kusini, meli za Kaskazini zilikuwa zimefunga bandari na kahawa ikaadimika. Watu wakakaanga viazi vitamu, karanga, mahindi, hata mbegu za bamia, wakachemsha wakaita kahawa. Hapa tumia amukeke, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa vinavyotoka Teso: kaanga hadi viwe vyeusi, ponda, chemsha. Waonjeshe vikombe vyote viwili kidogo tu. Kusini tumbaku ilikuwa nyingi, kahawa hakuna. Kaskazini kinyume chake. Ndiyo maana walinzi wa pande mbili walibadilishana vitu hivyo kwa siri kwenye mito iliyowatenganisha. Somo hili likiingia kwa ulimi halihitaji maelezo marefu.

Hema ni rahisi. Kila askari wa Kaskazini alibeba nusu yake ya kitambaa cha pamba, wawili wakaunganisha kwa vifungo. Wa Kusini wengi walilalia mablanketi au mahema waliyoteka. Vifungo vya sanduku nililotumia vilikuwa vimelegea, kwa hiyo beba sindano na uzi.

Usiache kitambaa hicho kipite hivihivi, maana ndicho mlango wa kulijaza lile pengo. Pamba ya Kusini ililimwa na watumwa. Mwaka 1860 kulikuwa na watumwa karibu milioni nne nchini Marekani. Sehemu ya pamba hiyo ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, jimbo la Kaskazini, ikapakiwa melini hadi Zanzibar, ikaingia bara kwa misafara ikiitwa merikani. Vita vilipoanza pamba ikakosekana, na biashara hiyo ya Wamarekani Zanzibar ikaporomoka. Lete kipande cha merikani kutoka soko la Owino, wape watoto wakishike, na uwaambie njia yake yote. Kisha uwaeleze kwamba Mississippi, jimbo la Kusini, katika tamko lake la Januari 1861 la kujitenga, ilisema wazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Kadi za sanduku zinasema tu "tofauti za majimbo". Hilo halitoshi.

Watoto wa P.7 watauliza swali zuri: je, kila askari wa Kusini alikuwa na watumwa? Hapana, wengi hawakuwa nao. Hapo watajie sheria za kuandikishwa kwa lazima. Kusini ilianza Aprili 1862, na Oktoba mwaka huohuo ikaruhusu shamba lenye watumwa ishirini au zaidi kubakiza mzungu mmoja nyumbani. Kaskazini ilipitisha yake Machi 1863, na mtu aliweza kujikomboa kwa dola 300. Mshahara wa askari wa kawaida wa Kaskazini ulikuwa dola 13 kwa mwezi. Waache wagawanye wenyewe: ni miezi 23 ya kazi. Wa Kusini alilipwa dola 11, baadaye 18, kwa noti zilizopoteza thamani kila kukicha.

Jambo la pili la kuongeza ni askari weusi, ambao sanduku linawapa kadi moja tu. Walikuwa karibu 180,000 katika jeshi la Kaskazini. Hadi Juni 1864 walilipwa dola 10, wakikatwa 3 za nguo, wakati mzungu wa cheo hichohicho alipata 13. Wale wa kikosi cha 54 cha Massachusetts walikataa kupokea mshahara kabisa mpaka ulipolinganishwa. Tengeneza kadi nne za ziada za kwao, na koti la buluu livaliwe pia kwa jina la mmoja wao.

Gobori la mbao lina faida moja ambayo sikuitarajia katika kifaa cha kufundishia watoto: linaeleza kwa nini watu wengi waliuawa wakiwa wamesimama. Bunduki ya kweli ilikuwa na urefu wa sentimita 142 hivi, karibu kimo cha mtoto wa P.6. Hatua ni hizi: toa kibunda cha karatasi, kichane kwa meno, mimina baruti mtutuni, tia risasi, chomoa ufito, shindilia, rudisha ufito, vuta jogoo (nyundo ya bunduki), weka fataki (kikofia kidogo cha kuwasha baruti), lenga. Askari hodari alifyatua mara tatu kwa dakika. Mwambie mtoto ajaribu hatua hizo akiwa amelala kifudifudi, na ataona haiwezekani bila taabu kubwa. Hofu nayo iliharibu hesabu: baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, maelfu ya bunduki ziliokotwa zikiwa zimeshindiliwa zaidi ya mara moja. Gobori la sanduku ni jepesi mno, kwa hiyo wape pia pakiti mbili za sukari za kilo mbili kila moja wabebe kuzunguka uwanja, ndio uzito wa kweli.

Kuhusu bunduki hiyo, tahadhari mbili. Isafirishe imefungwa ndani ya gunia, na usiongeze nguo za mabakamabaka ili kupendezesha somo. Sheria ya Uganda inakataza raia kuvaa sare za jeshi. Na usipange mchezo wa kuteka au kupigana. Darasa lenye watoto wa Acholi, Lango, Sudan Kusini au Kongo linaweza kuwa na mtoto ambaye ndugu yake alitekwa kweli. Zungumza na wazazi kabla, na kituo cha gobori kiwe cha hiari. Kadi ya mpiga ngoma mdogo, John Clem, aliyejiunga na jeshi la Kaskazini akiwa na umri wa miaka kumi hivi, imeandikwa kwa furaha isiyofaa. Mimi huitoa.

Kituo cha ugonjwa ni kadi tu, lakini watoto wetu hawahitaji vifaa. Karibu theluthi mbili ya vifo vyote vilitokana na magonjwa: kuhara, taifodi, surua, malaria. Kaskazini ilikuwa na kwinini, dawa ya malaria, ya kutosha. Kusini, kwa sababu ya bandari kufungwa, walichemsha magome ya miti. Chora kambi ubaoni pamoja na kijito chake, waulize choo kiwekwe wapi. Vikosi vingi vilijibu vibaya.

Ukishamaliza hayo, ndipo uje nyumbani, na P.7 pekee. Chukua mambo matano yaleyale, yaani chakula, viatu, ugonjwa, mshahara na habari kutoka nyumbani, na waalike wazee wawili waliopigana kati ya 1981 na 1986, mmoja kutoka kila upande, siku mbili tofauti. Wape maswali mapema kwa maandishi. Nani aliua nani lisiwe mojawapo. Wakiwa kambi tofauti wote walizungumza Kiswahili, kwa hiyo mahojiano yanaweza kuwa somo la Kiswahili pia. Sababu za vita zisomwe siku ya tatu, bila mzee yeyote chumbani, ili mtoto awe huru kuuliza.

Ukikodi, omba siku tano, si tatu. Biskuti peke yake inahitaji siku mbili za kukauka. Hesabu vipande mbele ya mwenye sanduku kabla ya kutia saini ya dhamana, hasa vifuniko vya chupa na fataki za mfano, ambazo hupotea kwanza. Makoti ya sufu yaanike juani kabla ya kuyakunja.