Nakala ya mchoro wa mvua ya pwani ukutani: turubai au karatasi ndani ya kioo?

Katika michoro ya akina Seurat na Signac, wachoraji Wafaransa waliochora kwa nukta, nukta za rangi huchanganyika jichoni ukisogea nyuma. Kwa ukali wa nukta, nakala ya karatasi hushinda. Nyuzi zilizofumwa za turubai humeza nukta ndogo, na anga la mvua huwa kijivu kitupu.

Ila kioo huakisi dirisha. Tena masika ya Moshi, karatasi inayogusa kioo hunata na kuota ukungu: mwambie fundi fremu atenganishe kwa kadibodi ya milimita 2. Turubai nayo huweza kulegea. Gonga kabari za mbao zilizo kwenye pembe za fremu yake kwa nyuma, ikaze tena.

Vumbi la Arusha? Kioo hupanguswa, turubai brashi laini kavu.

Mpangaji anayehamahama achukue turubai: nyepesi, haivunjiki, haina gharama ya kioo. Mwenye ukuta mkavu usioelekea dirisha, karatasi.