Jibini "ya ngamia" ya shilingi 38,000: nimekula, sijaamini

Gramu 200 kwa shilingi 38,000, bado nauli ya basi. Mzigo ulitoka Dar alfajiri, nikaupokea stendi Mtwara magharibi imeshaadhiniwa, barafu yote imekuwa maji. Hilo sina neno nalo, joto letu linajulikana.

Shida ni jibini yenyewe. Nilipoikata ilikuwa ya manjano, imara, kisu kinapita kama kwenye mche wa sabuni. Juu ya chapati ya moto ikayeyuka na kuvutika kama ulimbo. Tamu, sikatai, wanangu waligombania. Lakini ladha ni ile ile ya jibini ya ng'ombe ninayonunua hapa mjini kwa bei ya kawaida.

Maziwa ya ngamia ni meupe, hata siagi yake hutoka nyeupe. Tena ni magumu kugandisha: ile dawa itokayo tumboni mwa ndama, inayotosha kabisa kwa ng'ombe, kwa ngamia hutoa kitu laini kinachovunjikavunjika. Kiwanda cha Tiviski kule Nouakchott, Mauritania, kilihitaji utaalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kupata njia, na kilichotoka kilikuwa jibini laini. Yangu ilikuwa ngumu na ya manjano. Siwezi kuapa, ila nina shaka kubwa.

Nikamwuliza muuzaji, "Kaka, humu ngamia ni kiasi gani?"

"Ngamia tupu, dada, niamini."

Nikageuza lebo. Mbele ngamia amesimama chini ya mtende, nyuma maneno mawili: maziwa, chumvi. Maziwa ya mnyama gani? Mtoto wa dada yangu, yuko Lindi, akionja tu maziwa ya ng'ombe midomo inavimba. Nilishamtengea kipande, nikitaka dada amwulize kwanza daktari wake. Sasa dada akaulize nini, wakati mimi mwenyewe sijui kilichomo?

Kuchanganya si kosa. Serbia, kule Zasavica, wana jibini ya punda, na kwa kuwa maziwa ya punda hayagandi vizuri peke yake, huongeza ya mbuzi. Wanasema wazi, na watu wanalipa bei kubwa mno.

Natoa nyota mbili, ya ladha na ya kutuma kwa wakati. Nimemtumia muuzaji picha ya lebo na swali lile lile. Ameisoma tangu Jumanne, hajajibu. Kipande cha mtoto kiko kwenye friza, sikukipeleka Lindi.