Vifaa vya kuzamia vya mtumba Mombasa: anza na regileta, mtungi achana nao

Vifaa vya kuzamia vilivyotumika hupatikana huku kwa njia tatu: vituo vya kuzamia vya Nyali, Bamburi na Diani vinapobadilisha vifaa vyao vya kukodisha, wageni wanaorudi kwao na kuuza kila kitu, na matangazo ya mtandaoni ya Jiji na Facebook. Vya vituoni ndivyo tunavyovipendekeza, hata vikiwa vimepauka kwa jua. Vimefanya kazi sana, ni kweli, lakini kituo makini huviosha kila siku na kuvifanyia sevisi. Regileta, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la hewa ya mtungi ili uweze kuivuta, ikilala kabatini miaka minane na chumvi ndani huwa imeharibika kuliko ile inayozama kila wiki. Kaulize wakati wa masika, bahari ikiwa imechafuka na wateja wamepungua.

Regileta ndiyo ya kukagua kwa saa nzima kama ikibidi, kwa sababu ndiyo pumzi yako. Vua kifuniko cha vumbi kwenye hatua ya kwanza, yaani kile kipande kinachofungwa mtungini, umulike kichujio kidogo cha chuma pale hewa inapoingilia. Kinatakiwa kiwe safi, rangi ya chuma. Kikiwa na ukijani, maji ya chumvi yameshapita hapo, mara nyingi kwa sababu mtu aliosha bila kuziba. Kikiwa na wekundu, hiyo ni kutu iliyotoka kwenye mtungi wa chuma. Rangi hizo hazisemi kwamba kifaa kimekufa. Zinasema sevisi kamili ni lazima, na gharama yake ikatwe kwenye bei.

Kisha rudisha kifuniko, weka mdomo kwenye hatua ya pili, yaani kile kipande cha mdomoni, na unyonye taratibu. Hewa isipite kabisa. Ikipita, kiwambo kimetoboka, au valvu ya kutolea pumzi imejikunja, au mpira wa mdomo umechanika pale unapofungwa kwa kamba ya plastiki. Inapopita hewa, maji nayo yatapita.

Jaribio la tatu linahitaji mtungi uliojaa na geji ndogo ya shinikizo la kati, yaani la hewa iliyo kati ya hatua ya kwanza na ya pili, inayochomekwa kwenye mpira unaojaza hewa jaketi la kuelea. Regileta nyingi husoma kati ya baa 9 na 10. Bonyeza kitufe cha hewa cha hatua ya pili mara kadhaa, kisha tazama mshale kwa dakika tano. Ukisimama, vizuri. Ukipanda polepole bila kukoma, kiti cha valvu kimelika, na hatua ya pili itaanza kuvuja hewa yenyewe. Muuzaji akikataa jaribio hili, mshukuru na uondoke.

Mipira ya hewa ikunje karibu na vishikizo vyake vya chuma, ukivuta kando vile vilinda-mpira, maana nyufa hujificha hapo. Mipira ya kufumwa iliyozeeka hatuishauri: kwenye joto, utando wake wa ndani unaweza kuganda chembechembe zikaziba hewa, na nje huoni kitu. Geji ya mtungi isome sifuri ikiwa haina hewa.

Kuhusu aina, chagua ile ambayo fundi wa hapa Mombasa anaweza kupata spea zake. Scubapro MK2, kwa mfano, ni ya pistoni, ina vipande vichache, na hilo ni jambo kubwa kuliko urembo wa regileta ya gharama isiyo na spea. Uliza pia mitungi ya kituo chako ni ya kibano au ya DIN, yaani ya kufungwa kwa skrubu, kabla hujalipa.

Jaketi la kuelea lijaze mpaka valvu ya usalama ipulize, uliache usiku kucha. Asubuhi liwe bado gumu. Litikise karibu na sikio. Ukisikia mchakacho kama wa mchanga, ni chumvi iliyoganda ndani. Mimina lita mbili tatu za maji baridi yasiyo na chumvi, tikisa, mwaga, rudia mpaka maji yatoke bila ladha ya chumvi. Kitufe cha kujazia kikikwama, kibadilishe kabla hujaingia majini. Kitufe kikikwama chini, jaketi hujaa lenyewe na kukurusha juu haraka, na mapafu ndiyo yanayoumia.

Suti ya milimita 3 inatosha bahari hii. Ukiokota moja soko la Kongowea, ibonyeze kwa kidole gumba: ikirudi umbo lake, ichukue, ikibaki bapa, haina joto tena. Miwani ibandike usoni bila mkanda na uvute hewa kwa pua, iking'ang'ania, inakufaa. Makasia ya miguu hayana siri.

Kompyuta ya kuzamia, ile ya kupima kina na muda, ifungue sehemu ya betri. Kijani kwenye vyuma vyake, iache. Suunto Zoop na Mares Puck betri yake ni CR2450, unaibadilisha mwenyewe, na hiyo ni sababu tosha ya kuzipendelea.

Mtungi ndio usinunue. Vituo vingi hukupa mtungi na vipande vya risasi vya uzito ndani ya bei ya kuzamia, na wako utahitaji kukaguliwa ndani kila mwaka na kupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka mitano. Mitungi ya zamani ya aluminiamu ya aloi 6351, iliyotumiwa na Luxfer ya Marekani hadi 1988, inajulikana kwa nyufa za shingoni, na vituo vingi havikubali kuijaza.

Seti ikishakamilika, ijaribu kwanza kwenye bwawa, kisha mita 5 hadi 6 ndani ya hifadhi ya baharini ya Mombasa ukiwa na mwenzako. MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi 2002 karibu na mita 30 chini, isubiri mpaka regileta ikae dakika 40 bila kutoa povu hata moja kwenye maungio.