Vichupa vya kuhifadhia chavua: misimu miwili mkononi mwangu

Nina maua mawili ya amarilisi ninayotaka kuyachanganya, nyekundu na nyeupe, ila hayachanui pamoja. Nyekundu ikinyauka, nyeupe ndiyo kwanza inachomoza bua. Ndiyo sababu niliagiza seti hii, ili chavua (vumbi la kiume la ua) ya nyekundu iisubiri nyeupe: vichupa 20 vya plastiki, pakiti ya silika jeli (punje za kunyonya unyevu), brashi moja, lebo na karatasi ya maelekezo.

Vichupa havina mpinzani. Mfuniko una mpira ndani, na ukikaza unausikia umeshika. Nilikizamisha kimoja majini usiku kucha kikiwa na kipande cha karatasi laini ndani. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu. Punje za silika jeli ni za rangi ya chungwa, zikishiba unyevu zinageuka kijani. Nazirudisha kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa mbili tatu, zinakuwa kama mpya. Juu yake naweka pamba kidogo ili chavua isigusane nazo.

Maelekezo ndiyo yaliyoniponza. Yanakwambia ukusanye, ufunge, ugandishe, basi. Hayasemi chavua ikaushwe kwanza, wala kwamba kichupa kikitoka kwenye friza kisifunguliwe papo hapo. Msimu wa kwanza nilikifungua kikiwa bado cha baridi. Hewa ya chumbani ikaingia na unyevu wake, na kufumba na kufumbua lile vumbi la njano likawa limeshikana kama unga uliorushiwa maji. Kwa ukaidi nikalipaka hivyohivyo. Maua manne, hakuna hata moja lililoshika.

Msimu uliofuata nilijipangia utaratibu wangu. Navitoa vifuko vya chavua ua likishafunguka na umande ukishakauka, naviacha juu ya karatasi kivulini siku moja au mbili mpaka vipasuke vyenyewe na vumbi liteleze ukiigonga karatasi. Naligawa kwenye vichupa vitatu vinne, kidogo kidogo, ili nisilazimike kugandisha na kuyeyusha kilekile kila mara. Vinakaa na silika kwenye friji siku mbili, kisha friza. Siku ya kazi natoa kimoja, nakiacha mezani kimefungwa nusu saa, nafuta jasho la nje, ndipo nafungua. (Kuna mtu hapa nyumbani alidhani ni dawa yangu na akawa ananionea huruma kimyakimya.)

Brashi niliiweka kando mapema. Manyoya yake yanang'ang'ania chavua, ukihamia ua jingine hujui tena baba ni nani. Natumia kijiti cha pamba, kimoja kwa kila baba, halafu natupa. Lebo nazo zilibanduka kwa baridi ndani ya wiki moja, vichupa vitatu vikabaki yatima. Sasa naandika jina na tarehe kwa penseli kwenye kikaratasi, nakitia humo ndani.

Muuzaji anadai seti inafaa kwa mmea wowote. Hapo ametia chumvi. Kwa amarilisi na lili, sawa. Ila chavua ya mahindi na nyasi zake haivumilii kukaushwa, inakufa upesi hata uifunge vipi.

Nyeupe niliitoa vifuko vyake kabla havijapasuka, nikasubiri ncha ya kike ijigawe matatu na kuanza kunata, nikapaka chavua iliyokaa friza siku 26. Kati ya maua matatu, mawili yalivimba shingoni. Wiki ya tano tunda la kwanza likapasuka: mbegu nyeusi, bapa, nyepesi kama karatasi iliyoungua, 61 kwa hesabu yangu. Zimeota 38. Rangi ya maua yake nitaijua baada ya miaka mitatu hivi, zikijaliwa.

Nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya ile karatasi ya maelekezo. Seti ya pili nimeshaiagiza, kwa vichupa tu. Anayetaka brashi mbili aseme.