Wakala wa ajira aliyenisimamia nilipoikataa kazi niliyokwisha kuikubali

Nampa wakala huyu nyota nne, na ninazitoa kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa nimeshaikubali kazi kwa barua pepe, mkataba sijausaini, ndipo mwajiri wangu wa sasa akanipandisha cheo. Nilitegemea lawama, maana wakala hulipwa na mwajiri mpya pale mtu anapoanza kazi. Yeye aliniuliza tu kama uamuzi ni wa mwisho. Kisha akanitaka mimi mwenyewe nimpigie simu meneja wa kule kwenye kazi mpya siku hiyohiyo, halafu nithibitishe kwa maandishi. Barua tuliipunguza hadi ikabaki shukrani, uamuzi na sababu moja ya kweli. Akanikataza kabisa kuitumia nafasi hiyo kuomba mshahara zaidi kwa mlango wa nyuma. Hapo nilimheshimu sana. Tulipitia pia kipengele cha notisi kwenye rasimu ya mkataba, kuhakikisha hakuna kinachonibana. Meneja alisikitika, ila kwa kuwa niliwahi, aliweza kumrudia mwombaji wa pili. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ofisi yao iliendelea kunitumia fomu za kuanza kazi hata baada ya hapo. Inachosha.