Nilipanga Safari ya Mafia kwa Kitabu cha Watalii: Kilichonifaa na Kilichonichelewesha

Habari zenu, karibuni tena. Leo sina simu mpya wala blenda. Nina kitabu. Ngoja nikisogeze kwenye kamera… hapo. Mnaona kilivyochoka? Jalada limekunjika, kurasa za Kilwa zimegandana kwa maji ya chumvi, na hii kalamu ya bluu mnayoiona kwenye ramani, nitafika huko, msinikimbize.

Ni kitabu cha mwongozo wa watalii, Kiingereza kitupu, Tanzania nzima, toleo la mwaka 2014. Nilikipata Posta kwa wale ndugu wanaotandaza vitabu kando ya barabara. Kaanzia elfu thelathini, tukaishia elfu kumi na mbili. Jina nimeliziba kwa kidole makusudi, maana vitabu vya aina hii ni ndugu wa tumbo moja, na ninayoyasema leo yanavihusu vyote.

Sasa mtaniuliza: mama mzima, mzaliwa wa Temeke, kitabu cha watalii cha nini? Mume wangu aliniuliza hilohilo. Ni hivi: tulitaka kuwapeleka watoto kisiwa cha Mafia, na kwenye ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kufika. Nikiuliza watu, kila mtu ananiambia "kuzuri sana". Kuzuri mwezi gani? Kimya.

Hapo ndipo elfu kumi na mbili yangu iliporudi. Mpango wa kwanza ulikuwa Julai, kwa sababu ndiyo likizo niliyopewa kazini. Nikafungua sura ya Mafia, kurasa kumi na moja tu, Serengeti imejaza karibu nusu ya kitabu. Katikati kuna mistari miwili: papa potwe wanasogea karibu na mji wa Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka mwezi wa pili au wa tatu hivi. Julai ni kusi, upepo unavuma, bahari imechafuka. Yaani watoto wangu, ambao kwa wiki tatu walikuwa wanaota samaki mwenye urefu wa daladala, wangefika wakaangalie mawimbi. Kesho yake nikarudi kwa bosi kuomba likizo isogezwe.

Lakini sikilizeni hili. Kurasa nne mbele, kwenye kisanduku kidogo kuhusu kasa, kitabu hichohicho kinasema mayai ya kasa kule kisiwa cha Juani huanguliwa zaidi kati ya Juni na Agosti. Kumbe Julai haina ubaya! Ina wageni wake tu. Ukitaka kuona vitoto vya kasa vikikimbilia majini, njoo wakati wa kusi. Ukitaka papa potwe, subiri kaskazi. Vyote viwili kwa safari moja, sahau. Na hilo kitabu hakikuambii, lazima uunge mwenyewe ukurasa huu na ule. Kalenda moja tu ingetosha, hawakuiweka. Mimi nimechora yangu nyuma ya jalada, hii hapa: miezi kumi na miwili, alama ya samaki, alama ya kasa, na masika nimeipiga msalaba mkubwa. Tukachagua mwisho wa Desemba.

Usafiri. Hapa kitabu kimezeeka vibaya. Kinakupa ndege ndogo kutoka Dar, halafu kinasema njia ya maji ni mashua zilizojazwa kupita kiasi, usithubutu. Siku zile huenda walikuwa na haki ya kuogopa. Siku hizi kuna kivuko cha serikali kati ya Nyamisati na Kilindoni, na maboti mengine pia. Sisi tulipanda basi Mbagala, Barabara ya Kilwa mpaka Bungu, mnakata kushoto kuelekea baharini, mnafika Nyamisati. Ningekiamini kitabu, ningenunua tiketi nne za ndege na saa hizi ningekuwa nawaombeni mchango, si kuwafanyia uchambuzi.

Kwa hiyo nilichofanya: kila ukurasa wenye saa ya kuondoka, nauli au namba ya simu nimeubandika karatasi ya njano. Njano maana yake uliza kwanza. Namba nilizopiga ni tano. Tatu hazipatikani, moja ikapokelewa kweli na hoteli, na ya tano ilikuwa sasa ya fundi cherehani wa Morogoro. Tuliongea vizuri tu, mcheshi sana yule baba.

Bei nazo. Kitabu kinahesabu kwa dola kwa sababu hakikuandikiwa mimi na wewe. Kule kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ilianzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, na ukienda Utende unalipia kiingilio getini. Kiwango kilichoandikwa humu ni cha mgeni. Mume wangu alipokiona akapendekeza tuishie Kigamboni. Kumbe Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kiwango cha chini kabisa. Beba kitambulisho tu.

Malazi ndiyo yalinichekesha. Orodha nzima ni hoteli za Utende, upande wa mashariki. Mji wa Kilindoni umepewa sentensi moja, kwamba una nyumba za wageni "za kawaida". Sisi tukalala hapohapo pa kawaida: feni, chandarua, asubuhi chapati na supu ya pweza. Na papa potwe wako upande gani? Wa Kilindoni! Wageni wa Utende walikuwa wanapandishwa gari asubuhi kuja mlangoni kwetu. Mwanangu wa kiume aliingia majini akiwa na kelele zote, akatoka hana neno hata moja. Nusu saa nzima. Kwa wanaomjua, hiyo ni rekodi. Halafu wazazi, tafadhali, yule samaki haguswi. Wahudumu wa boti watawaambia, ila watoto wetu tunawajua.

Dakika moja nisome ukurasa wa Kiswahili humu. "Jambo." Jibu: "Jambo." Binti yangu alinisalimia hivyo safari nzima. Tuendelee.

Kuna kurasa ambazo sikubandika njano hata moja, za historia. Hizi ndizo ningezilipia hata peke yake. Nilisoma Kilindoni kwa nini ni mji mkuu: zamani makao ya utawala yalikuwa kisiwa kidogo cha Chole, Wajerumani wakayahamisha mwaka 1913 kwa sababu meli zao zilihitaji maji yenye kina. Miaka miwili baadaye Waingereza wameshaiteka Mafia, wanaitumia kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha delta ya Rufiji. Ukisimama kati ya magofu ya Chole, mizizi imekumbatia kuta na popo wakubwa wananing'inia juu yako mchana kweupe, ukiwa umeshasoma hayo, unaona kitu tofauti na anayepiga selfi tu.

Halafu Kua, mji uliokufa, kisiwani Juani. Kitabu kinasema uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19. Sawa. Na kina kisa kinachosimuliwa, mistari sita. Watu wa Kisimani, mji mwingine wa zamani wa Mafia, waliunda chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye kukishusha majini, wakawalaza watoto wa Kua mchangani, chombo kikapita juu yao. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita. Wakaalika Kisimani kwenye harusi, kwenye chumba cha chini ya ardhi. Ngoma, chakula, na wenyeji wakawa wanatoka mmojammoja bila kuonekana, mpaka akabaki mzee mmoja anayewachangamsha wageni. Mlango ukazibwa kwa mawe.

Kukisoma Mbagala kwenye kochi ni kitu kimoja. Kukisikia kwa nahodha wetu, mzee wa kisiwa cha Jibondo, tumesimama palepale, ni kitu kingine. Yeye hakuanza na chombo. Alianza na yule mzee aliyebaki ndani. "Yule alikubali mwenyewe," akasema, akanyamaza. Kitabu kimempita yule mzee kama fenicha.

Mzee huyohuyo ndiye aliyetuokoa na ushauri wa kitabu wa "nenda Kua asubuhi". Aliangalia mwezi, ulikuwa mpevu. "Mama, bamvua hii, maji yanajaa na kukauka kupita kawaida, saa nne asubuhi yamekauka, chombo kitakaa juu ya mchanga na nyinyi ndani. Saa nane, maji yakijaa, twende." Tukaondoka saa nane, tukapita vizuri kabisa.

Sasa kalamu ya bluu. Njiani kurudi aliomba aone kitabu. Akafungua ramani ya ghuba ya Chole, akaitazama, akacheka. Nchi kavu imejaa majina ya hoteli, baharini peupe. "Hawa wanadhani hapa hapana kitu." Akaomba kalamu. Akaandika miamba, mikondo, pa kutia nanga kusi likivuma, ukiacha mlango wa Kinasi ambao kitabu kilikuwa nao tayari. Majina kama ishirini, chombo kinayumba, mwandiko wa madrasa, mzuri kuliko wangu.

Nawaonyesha, tazameni. Ila hapa pembeni pia nimeweka kidole, na kitabaki. Hapo ndipo anapotega madema yake.